Ukuta wa sebule unatoa chumvi, na wageni wa mahari wako njiani

SWALI

Washauri wetu, habari za kazi.

Naandika kwa niaba yangu na ya wadogo zangu watatu. Nyumba yetu hapa Tanga ilijengwa na marehemu baba mwaka 1988: matofali ya saruji, paa la bati, sakafu ya saruji nyekundu. Mama anaishi humo pamoja na wajukuu wawili. Tarehe 30 Agosti mdogo wetu wa kike analetewa mahari, na tungependa wageni wakaribishwe kwenye sebule inayolingana na heshima ya mama. Leo tuko mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo tuna wiki nane hivi.

Sebule ni mita 5 kwa 4, kimo cha kuta ni mita 2.8. Ina milango miwili ya kawaida na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2. Kuta tatu ni chafu tu: mikono ya watoto, moshi wa jiko, nyufa nyembamba kwenye pembe za madirisha. Taabu iko kwenye ukuta wa nne, wa mita 4, unaopakana na uani. Kuanzia sakafuni mpaka juu kidogo ya goti rangi imevimba kama malengelenge. Ukiigusa inabanduka, na chini yake unakuta unga mweupe. Mwaka jana tulipaka upya kwa rangi ya maji nzuri tu, haikumaliza miezi mitano. Hakuna bafu wala bomba upande ule. Nje kuna bustani ndogo ya mama ya asumini na mirehani, basi.

Darini kuna madoa mawili ya kahawia. Milango ya mbao imepakwa rangi ya mafuta mara nyingi mpaka haifungi vizuri. Sakafu imepauka, na mito ya makochi imechakaa.

Fundi aliyekuja kutazama alisema tusiumize kichwa: tukwangue, tupige putti ya jipsamu, halafu tupake mkanda wa rangi ya mafuta wa mita moja kuzunguka sebule nzima, maana mafuta hayapitishi maji. Mama amekataa katakata. Anasema ukuta wa namna ile zamani ulipakwa chokaa. Pesa aliyotaja fundi hatuiwezi, ila nguvu tunazo, na mmoja wetu amewahi kuwa saidia fundi, kushika mwiko anajua.

Tumsikilize nani? Tununue rangi kiasi gani? Tuanzie wapi?

Mtoto wa kwanza, Tanga

JIBU

Mtoto wa kwanza, mpe mama shikamoo yetu, kisha mwambie kwamba kwenye ukuta ule yeye ndiye aliyesema kweli.

Ule unga mweupe ni chumvi. Chukua kidogo na kucha, uuweke kwenye tone la maji safi: ukiyeyuka, ni chumvi, usipoyeyuka, ni saruji au rangi iliyokauka ikawa vumbi. Chumvi hiyo imo kwenye udongo, na mara nyingi imo pia kwenye mchanga uliofyatulia matofali na kupigia lipu, hasa huku pwani. Peke yake haina neno. Inaanza ubaya pale ukuta unapokunywa maji kutoka chini. Maji yanapanda ndani ya vitundu vidogo vya tofali yakiwa yamebeba chumvi iliyoyeyuka, yanatafuta pa kutokea, yanakutana na rangi. Yakifika karibu na uso wa ukuta yanageuka mvuke na kuondoka, lakini chumvi haiwezi kuondoka nayo. Inabaki nyuma ya rangi, inaganda, na punje zake zinakua zikisukuma. Hayo malengelenge mnayoyaona ni rangi inayosukumwa kutoka nyuma. Ndiyo maana rangi nzuri ya mwaka jana haikusaidia; hata ingekuwa ghali mara tatu, ingebanduka vilevile.

Sasa tazama mkanda wa mafuta. Ni kweli mafuta hayapitishi maji, na hilo ndilo litakalowaumiza. Maji hayatoki kwako kwenda ukutani, yanatoka ukutani kuja kwako. Ukiyazibia njia kwenye mita ya kwanza, yatapanda hadi juu ya mkanda na kuanza kubandua huko, na mwakani mtakuwa na doa la kimo cha kifua badala ya goti. Tena lipu mpya ina ukali wa saruji unaokula rangi ya mafuta ikiwahi kupakwa: inalainika na kunata kama sabuni iliyoloa. Putti ya jipsamu nayo ni nzuri kwenye ukuta mkavu wa ndani, lakini kwenye unyevu inanyonya maji, inalegea na kuanguka vipande vipande. Kwenye ukuta ule isiguse kabisa, hata kwenye tundu la msumari.

Kwa hiyo anzieni nje, siyo dukani. Umeandika habari ya bustani kama jambo la kupita tu, nasi tunadhani jibu limelala hapo. Asumini na mirehani humwagiliwa karibu kila siku, na udongo wa bustani huongezeka mwaka hadi mwaka kwa mbolea na majani. Nendeni na rula. Pimeni kutoka usawa wa sakafu ya sebule hadi uso wa udongo upande wa nje. Udongo unatakiwa uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Tunategemea mtakuta uko sawa na sakafu, pengine umeipita, na hapo maji ya bustani yanaingia kwenye tofali juu ya ile karatasi ya kuzuia unyevu inayolazwa kwenye msingi, kama ilikuwepo.

Kabla ya kung'oa mti wowote hakikisheni. Kwangueni rangi sehemu moja kwenye ukuta mgonjwa, chini kidogo ya goti, mfute unga, kisha bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, kingo zote nne mzizibe kwa solatepu pana pasipite hewa. Kiacheni siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje wa nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumba, na hapo dawa ni kufungua madirisha na kuusogeza moshi na mvuke wa jiko. Bandikeni nailoni ya pili kwenye mojawapo ya zile kuta tatu ili mpate cha kulinganisha.

Asumini ya mama msiitupe. Ichimbeni na donge lake la udongo, muihamishie kwenye vyungu vikubwa au nusu pipa lililotobolewa chini, na muiweke walau sentimita 60 kutoka ukutani. Mirehani ni rahisi zaidi, hata vikonyo vyake vinashika. Kisha chimbeni udongo mpaka mpate zile sentimita 15, na ardhi muipe mteremko wa kwenda mbali na nyumba, sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Mwageni kokoto mahali palipokuwa na bustani. Zege la pembeni mnaweza kulipiga baadaye pesa ikipatikana, lakini lisimwagwe sasa wakati udongo wa chini umeloa. Mtazame na ukingo wa bati: kama hakuna gata, kila mvua inachimba mfereji chini ya ukuta na kurusha tope juu. Gata moja la mita 4 kwa upande ule, lenye bomba la kushushia maji mpaka mbali na msingi, lina faida kuliko ndoo nzima ya rangi. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu cha kununua wiki hii, nunueni hilo.

Ndani, bomoeni lipu ya ukuta ule hadi sentimita 40 juu ya alama ya juu kabisa ya unyevu, yaani kimo cha mita 1 hivi, urefu wote wa mita 4. Zimeni umeme kwenye meni swichi kabla ya kugonga, maana waya wa soketi huwa unapita humo. Fanyeni hivyo wiki ya kwanza na mwache tofali wazi mpaka wiki ya tano. Ndugu zako watasema mnachelewa. Mnawapa tofali nafasi ya kukauka, na Julai na Agosti, masika yakiwa yameisha na kusi linavuma, ndio wakati wake. Chumvi itaendelea kutoka juu ya tofali. Kila baada ya siku mbili tatu ipigeni brashi kavu ya waya, mkinge kwa gazeti chini na kuitupa mbali. Msiioshe kwa maji: itayeyuka, itarudi ndani, na mtakuwa mmeipanda upya.

Lipu mpya ichanganywe kwa kipimo cha saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Ukuta wa mita 4 kwa mita 1, unene wa milimita 15, unataka mchanga ndoo 4 za lita 20, na saruji theluthi mbili ya ndoo, chokaa theluthi mbili ya ndoo. Nusu mfuko wa saruji unatosha. Chokaa iwe ile ya unga iliyokwisha kuzimwa. Mchanga uwe wa mto, na muulize ulikochimbwa. Mkiwa na shaka nao, lowekeni gao mbili kwenye maji ya mvua usiku kucha, mchuje maji yake kwenye sahani nyeusi na kuyaanika juani. Yakiacha pete nyeupe, mchanga huo rudisheni.

Nyunyizieni tofali maji kidogo, pigeni tabaka la kwanza la milimita 8, likwaruzwe kwa msumari lingali bichi, na siku inayofuata mlipige la pili. Malizeni kwa ubao wa kusawazishia. Niru msipige. Tunajua macho yamezoea ukuta unaong'aa, lakini niru ya saruji tupu inaziba vile vitundu ambavyo mmehangaika kuvifungua. Lipu inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku tatu, kisha iachwe.

Halafu chokaa ya mama. Rangi ya maji ingetaka lipu ikae siku 28. Chokaa haihitaji kusubiri hivyo kwa sababu inapitisha mvuke, na wiki moja inatosha. Lowekeni kilo 2 za chokaa ya unga kwenye lita 5 za maji usiku kucha, mkoroge, mchuje kwa kitambaa chepesi. Uzito wake uwe wa maziwa, siyo wa uji. Aliyeshika brashi avae miwani na glavu: chokaa ikiingia jichoni inaunguza, na dawa ya papo hapo ni maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Mkitaka rangi, koroga okisaidi ya unga, ya njano au nyekundu, kwenye maji ya moto kwanza, isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Changanyeni yote kwenye chombo kimoja, maana ya pili haitafanana na ya kwanza.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Lowanisheni ukuta, pakeni kwa brashi pana kwa mikono inayopishana, na mtaona kama hamjapaka kitu: chokaa mbichi inapitisha macho, ukuta wa kijivu unaonekana uleule. Mkono utataka kurudia hapohapo na kupaka nene. Uzuieni. Nendeni zenu. Baada ya saa chache, inapokauka, weupe unapanda wenyewe kutoka ndani. Siku ya pili mkono wa pili, mpaka mitatu au minne, kila mmoja mwembamba na kila mmoja ukipewa siku yake. Chokaa inayoacha unga kwenye nguo za watu ni ile iliyopakwa nene au iliyokaushwa na jua kabla haijashika. Na wapo wanaotia chumvi ya jikoni ili ishike, ninyi msitie. Chumvi huvuta maji, na tumetoka kuihangaikia. Gundi ya mbao pia hapana.

Chokaa haishiki juu ya rangi ya maji ya zamani, kwa hiyo ipakwe kwenye lipu mpya tu. Hapo ndipo wazo la mkanda la fundi linapofaa, isipokuwa liwe la rangi ya maji isiyong'aa. Kwenye kuta tatu nyingine pigeni mstari kwa kamba na kipimamaji kwenye kimo cha mita 1, chini yake rangi inayokaribiana na chokaa yenu ikiwa imekauka, juu yake rangi nyepesi. Chukueni kipande cha ubao kilichopakwa chokaa mwende nacho dukani kuchanganyiwa. Hazitalingana kabisa, ila pembe za chumba zitaficha tofauti, na mkanda ulioiva kidogo unavumilia vidole vya watoto.

Kiasi sasa. Mzingo wa sebule ni mita 18, mara 2.8 ni mita za mraba 50. Toa milango na madirisha, 7 hivi, na toa 4 za chokaa: zimebaki 39. Za juu ya mstari ni 27 na za mkanda 12. Lita moja ya rangi ya maji inafunika mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta wa lipu, nanyi mtapaka mikono miwili. Nunueni makopo mawili ya lita 4 ya rangi ya juu, kopo moja la lita 4 la mkanda, na kopo moja la lita 4 la nyeupe isiyong'aa kwa dari. Makopo ya rangi moja yawe na namba moja ya utengenezaji, imechapwa kwenye mfuniko au ubavuni. Kabla ya kununua yote, chukueni kopo dogo, mpake mraba wa sentimita 50 mikono miwili, muutazame asubuhi, saa saba mchana, na usiku taa ikiwaka. Wageni wa mahari wakija jioni, ile ya usiku ndiyo itakayoamua.

Kuta tatu zioshwe kwa maji ya sabuni ya unga, kuanzia chini kwenda juu ili michirizi isishike kwenye uchafu mkavu, kisha zisuuzwe na kukauka siku moja. Nyufa za madirishani zipanueni kwa ncha ya skrepa mpaka ziwe na umbo la V, futeni vumbi, tieni putti ya saruji kidogo kidogo, tabaka lisizidi milimita 3. Ikikauka pigeni msasa namba 120, kisha 220. Viraka vyote vipakwe kwanza rangi iliyozimuliwa kwa maji, moja kwa nne, la sivyo vitakunywa rangi na kubaki vikionekana kama madoa hata baada ya mkono wa pili. Kwingineko maji yasizidi sehemu moja kwa kumi. Rangi iliyozidi maji inaonekana imefika mbali siku ile, halafu inafutika na kitambaa.

Dari ianze kabla ya kuta. Madoa ya kahawia ni bati linalovuja. Apande mtu mmoja darini saa sita mchana, akanyage kenchi tu, atafute mwanga unaopenya, na asitegemee kuukuta juu ya doa: maji huteleza kwenye ubao wa paa hata mita moja ndipo yadondoke. Mara nyingi kosa ni mpira wa msumari wa bati uliokwisha kuliwa na jua. Msumari ubadilishwe pamoja na mpira wake. Kisha doa lipakwe mkono mmoja wa andakoti nyeupe ya mafuta, likauke siku nzima, ndipo dari yote ipate rangi ya maji. Ukiruka andakoti, maji ya rangi yatayeyusha ukahawia na doa litarudi juu siku hiyohiyo.

Milango inataka tahadhari. Rangi za mafuta za miaka ile zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Msipige msasa mkavu wala msichome rangi kwa moto. Itoeni milango kwenye bawaba, ipelekeni uani mbali na wajukuu, mtumie msasa wa maji uliolowekwa, mfute kwa kitambaa kibichi, na maganda yote yafungwe kwenye mfuko. Kazi kubwa ni kwenye kingo, ndiko rangi iliyorundikana inakozuia mlango kufunga. Mbao iliyobaki uchi ipate praima, kisha andakoti, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta, kila mmoja ukauke saa 16 hadi 24. Rangi ya mafuta izimuliwe kwa tapentaini. Tina kali ya kupulizia magari itaikunja rangi ya chini kama ngozi ya maziwa. Pakeni kuanzia saa nne asubuhi, mwishe saa tisa. Umande wa jioni unaua mng'ao.

Sakafu msiipake rangi. Baba yenu aliacha sakafu nzuri, imefunikwa na nta ya miaka mingi iliyoshika uchafu, na rangi yoyote juu ya nta itachubuka kwa miguu ya makochi. Sugueni kwa stili waya na tapentaini kidogo kidogo, madirisha yakiwa wazi na moto mbali, kisha maji moto ya sabuni. Ikikauka kabisa, pakeni polishi nyekundu nyembamba, isubirini nusu saa, muing'arishe kwa kumbi la nazi na kumalizia kwa kipande cha blanketi. Ifanyeni siku nne kabla ya wageni, isije ikatia wekundu kwenye kanzu na mabuibui.

Mito ya makochi ni kazi ya alasiri moja. Kanga moja ina sentimita 150 kwa 110 hivi. Ifueni kwanza, kwa sababu hunywea na kutoa rangi. Ikateni mapande matatu ya upana wa sentimita 47, urefu mzima wa 110. Kila pande ni foronya moja ya mto wa sentimita 45: kunja ncha mbili zipishane mgongoni, shona kingo za pembeni, bila zipu wala vifungo. Zile ncha ndizo miisho ya kitambaa ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo hazifumuki na hazihitaji kupindwa. Doti moja inatoa mito sita. Nunueni doti mpya. Zilizo sandukuni mwa mama zina watu waliompa, msizikate bila idhini yake.

Mpangilio wa siku uende hivi: wiki ya kwanza bustani, gata na kubomoa lipu, ya pili na ya tatu paa, dari na milango, ya nne kuosha kuta tatu, nyufa na mkono wa kwanza, ya tano lipu mpya, ya sita mapumziko ya lipu na mkono wa pili wa kuta, ya saba chokaa, ya nane sakafu na mito. Makochi yakirudi, kwenye ukuta ule yakae sentimita 10 kutoka ukutani ili hewa ipite.

Mvua za vuli zikija, tazameni tena chini ya ukuta. Unga kidogo ukitokea juu ya chokaa msishtuke: ni maji yaliyokuwa ndani ya tofali yanamalizika, na ukuta wa namna hiyo unaweza kuchukua miezi kukauka. Pigeni brashi kavu, pakeni mkono mmoja wa chokaa. Kilo moja inatosha, na inayobaki ihifadhiwe kwenye ndoo ikiwa imefunikwa na maji juu yake.